Ubao mrefu kwa upepo mdogo: nilivyochagua wangu hapa Paje

Mwishoni mwa Februari kaskazi huwa imechoka. Asubuhi Paje, huku pwani ya mashariki ya Unguja, inaamka na umande, maji ya ndani ya mwamba yametulia kabisa, na ikifika adhuhuri unakuja upepo wa noti nane, tisa, kumi ukijaaliwa. Noti kumi ni kama kilomita 18 na nusu kwa saa. Unatosha kukausha kanga kwenye kamba, hautoshi kumnyanyua mtu wa kaiti, yule anayevutwa na tiara juu ya maji. Vijana wenzangu wanakaa chini ya mivinje wanatazama majani ya minazi. Mimi siku hizo niko majini tangu saa saba hadi alasiri inaadhiniwa, na kila nikirudi ufukweni nakutana na swali lile lile: ubao wako lita ngapi?

Swali hilo ndilo limenifanya niandike. Na mimi niliuliza hivyo hivyo, nikajibiwa, nikanunua kwa jibu hilo, nikapoteza misimu miwili.

Kwa asiyeujua mchezo wetu nieleze kidogo. Bawa ni tanga la kujaza hewa unalolishika kwa mikono miwili. Halikufungwa kwenye ubao wala kwenye mwili isipokuwa kwa kamba fupi ya kiunoni au mkononi. Kampuni ya Duotone walipoanza kuuza bawa lao mwaka 2019, hapa tulilitazama kama kitu cha watoto. Chini ya ubao ipo foili: mlingoti wa sentimita 80 au 85, na mwisho wake mapezi mawili, la mbele kubwa na la nyuma dogo. Mwendo ukifika kiasi, pezi la mbele linanyanyua kila kitu, ubao unatoka majini, na kelele zote za maji zinakatika ghafla. Nimefundisha kaiti miaka tisa na bawa miaka minne, na mpaka leo kimya kile kinanisisimua.

Ugumu wote uko kabla ya kimya hicho. Ukishapaa, hata upepo wa noti nane unakutosha, maana unajitengenezea upepo wako kwa mwendo. Kupaa ndiko kunakotaka nguvu. Kwa hiyo ubao wa upepo mdogo kazi yake ni moja tu, kukufikisha kwenye mwendo wa kupaa kwa nguvu kidogo kadiri inavyowezekana. Baada ya hapo ubao ni mzigo unaoubeba hewani.

Ubao wangu wa kwanza ulikuwa wa futi 5 na inchi 2, upana inchi 27, lita 105. Nina kilo 78. Niliununua kwa mgeni aliyekuwa anarudi kwao, shilingi milioni moja na laki sita, na niliona nimepata. Kanuni tuliyofundishwa ni kwamba lita moja inabeba takriban kilo moja, kwa hiyo lita 105 zinanibeba mimi na foili na bawa lililolowa, na zinabaki. Ni kweli zilinibeba. Nilisimama juu yake kama niliyesimama sakafuni, ningeweza kunywa kahawa. Lakini upepo ukiwa noti kumi nilisimama hivyo hivyo nusu saa nzima, bawa la mita za mraba sita mkononi, napampu, yaani nalivuta bawa na kuukanyaga ubao kwa mdundo, mpaka mabega yanawaka, na ubao unasukuma maji mbele yake kama jembe linavyosukuma udongo. Hauzami, na haupai. Nilihitaji noti 14, na siku za noti 14 kila mtu yuko majini.

Mwaka juzi mwezi wa Machi alikuja mgeni wa kilo 90 na ushei. Alikuwa na bawa la mita tano, dogo kuliko langu. Alichukua ubao ambao mimi ningeuita mtumbwi: futi 7, upana inchi 20, pua imechongoka. Akapiga magoti, akasimama, akavuta bawa mara tatu, akaondoka. Mimi nyuma yake napampu. Alirudi, akaniona, akaniambia tubadilishane kwa dakika kumi. Nilianguka mara nne kabla sijasimama vizuri, maana ule wembamba unakuyumbisha kulia na kushoto kama uko juu ya gogo. Mara ya tano nikavuta bawa. Sikuhisi ule ukuta wa maji puani. Ubao ukateleza, ukateleza zaidi, na kabla sijaanza kupampu sawasawa nikawa juu.

Usiku ule sikulala vizuri. Kilichoniuma ni kwamba jambo lenyewe nililijua tangu utotoni, ila sikulitambua.

Babu yangu mzaa mama alikuwa mchonga ngalawa Jambiani. Ngalawa kama mnavyoijua ni gogo refu jembamba, marengu mawili pembeni ya kuizuia isipinduke. Alfajiri upepo ukiwa ni umande tu, ule unaotoka nchi kavu na hauinui hata vumbi, ngalawa inatoka na tanga lake na inafika mwambani. Boti fupi pana ya plastiki, hata uiwekee tanga lile lile, itabaki inazunguka. Chombo chochote kinachoelea kinatengeneza wimbi lake chenyewe kikitembea, na kifupi kinakamatwa mapema na wimbi lake. Kinapanda mlima kilioujenga. Kirefu wimbi lake ni refu, kinaenda mbali zaidi kabla ya kukamatwa. Na kikiwa chembamba, wimbi lenyewe linakuwa dogo. Huko Uingereza William Froude alilipima jambo hili karne ya 19 kwa vielelezo vidogo vya meli. Babu alilipima kwa tezo na jicho.

Kwa hiyo ukiniuliza leo, lita ni swali la pili. Swali la kwanza ni urefu, na la kwanza na nusu ni upana. Lita zinakuzuia usizame. Urefu na wembamba ndivyo vinavyokupa mwendo.

Nilipoelewa hivyo nikakosea upande wa pili, na kosa hili naliona kwa vijana wengi sasa. Niliuza ule mfupi, nikatafuta mrefu kupita kiasi: futi 7 na inchi 8, upana inchi 18 tu, lita 110. Ni ubao wa watu wanaoshuka na mawimbi ya bahari kuu kwa kasia, bila bawa kabisa. Wao wanahitaji wembamba huo kwa sababu nguvu yao ni mikono na wimbi tu. Mimi nina bawa, na lagoni yetu ya Paje, yale maji ya ndani ya mwamba, siku za kaskazi ina viwimbi vifupi vya kugongana vinavyotoka pande mbili. Nilianguka wiki tatu. Kila nikianguka bawa linajaa maji, nalinyanyua, nasimama, naanguka. Faida yote ya kupaa haraka ilimalizwa na uchovu wa kusimama. Na nikiwa hewani ile pua ndefu ilikuwa inachelewa kugeuka, nikigeuza mguu ubao unafuata baadaye, kama unaendesha gari linalovuta tela.

Ubao nilio nao sasa ni futi 6 na inchi 10, upana inchi 20 na nusu, lita 110. Ni zaidi ya uzito wangu kwa lita 32. Huu ndio unaofanya kazi zote mbili, upepo mdogo na safari za upepo wa tezi, ule unaokusukuma kutoka nyuma, na nitasema wazi kwamba kwa mtu anayeweza kununua ubao mmoja tu hapa kwetu, huko ndiko pa kutafuta: futi 6 na nusu mpaka 7, inchi 20 mpaka 22, uzito wako uongeze lita 25 mpaka 35. Mwanafunzi wangu mmoja wa Jambiani, dada wa kilo 56, anatumia wa futi 6 na inchi 4, inchi 20, lita 85, na upepo wa noti tisa na bawa la mita nne anatuacha sote. Mtu wa kilo 95 atahitaji kama lita 125 au 130, na mimi ningempa inchi 22, kwa sababu mtu mzito akiyumba anayumba na uzito wote.

Inchi mbili na nusu za upana zina thamani kuliko unavyodhani. Kati ya 18 na 20 na nusu nilipoteza kasi kidogo sana ya kupaa, pengine mvuto mmoja au miwili ya bawa. Nilichopata ni kusimama mara moja badala ya mara nne.

Sasa umbo la chini, ambalo watu hawalitazami kwa sababu dukani ubao unasimamishwa umegeuza uso. Ulaze kichwa chini uutazame. Ukiona chini ni bapa kabisa tangu pua hadi mkia, utateleza vizuri maji yakiwa shwari, lakini pua itachoma wimbi ukiwa unashuka. Ukiona umejikunja sana kama ndizi, pua haichomi ila mwendo unapungua, maana unasukuma maji. Ninaoupenda mimi umenyooka katikati, pua imeinuka kiasi, na mkia umekatwa ukapandishwa juu. Ule mkato wa mkia ni muhimu: wakati wa kupaa unainua pua kwa mguu wa nyuma, na mkia mnene uliojaa unagonga maji na kukurudisha chini. Kingo za chini ziwe zimechongwa mshazari; foili ikigusisha ubao majini kwa bahati mbaya, kingo kali zinashika na unarushwa mbele, kingo zilizochongwa zinagusa na kuachia.

Mengine hupimwa kwa miguu. Ubao ambao sehemu ya kusimama imechimbwa chini kidogo unakuweka karibu na maji, na hilo linaongeza utulivu bila kuongeza upana. Kishikio cha chini kiwe kwenye mizani, ukiunyanyua na foili yake usiangukie pua. Kumbuka sisi hapa tunatembea. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kuliko kawaida, yanajaa karibu na saa kumi alasiri na yanapwa karibu na saa nne asubuhi, na yakipwa lagoni yote inakuwa mchanga na madimbwi. Foili ya sentimita 85 inataka maji ya zaidi ya mita moja chini yako. Ukichelewa kurudi, unaubeba ubao kichwani mwendo wa robo saa, na unapita katikati ya mashamba ya mwani ya mama zetu. Ule mlingoti wako ukinasa kamba za mwani umemharibia mtu kazi ya wiki kadhaa. Mimi nawaambia wanafunzi wangu: yajue mashamba ya mwani yako wapi kabla hujajua upepo unatoka wapi.

Nirudi kwenye ubao. Reli za kufungia foili, ile mifereji miwili, ziangaliwe kwa makini kuliko rangi. Kwenye ubao mrefu kusogeza foili sentimita moja mbele au nyuma kunabadilisha kila kitu: ikiwa mbele mno unapaa kwa kushtuka na pua inataka kuruka, ikiwa nyuma mno unalazimika kuegemea mguu wa nyuma mpaka paja linauma. Mimi huanza katikati, nafanya mizunguko mitatu, natoka, nasogeza. Weka alama kwa kalamu ya wino usiofutika ukishapata mahali pako, hasa kama una mapezi mawili tofauti.

Ubao wangu mmoja, ule wa inchi 18, nilikuta baadaye una ufa wa unywele pembeni ya reli. Aliyeniuzia alijua au hakujua, Mungu ndiye ajuaye. Kila nikitoka majini ulikuwa mzito kidogo kuliko nilipoingia, nikadhani ni uchovu wangu. Ndani ni povu gumu, na povu hilo likinywa maji ya chumvi haliyatoi kirahisi. Tangu hapo nikienda kuangalia ubao uliotumika nabeba mizani ya samaki. Nauliza uzito wake wa kiwandani, naupima, na ukizidi nusu kilo naondoka. Nabonyeza kwa kidole gumba sehemu yote ya kusimama, kila sentimita kumi. Mahali panapobonyea kama tunda limeiva, ngozi imeachana na povu. Napaka maji ya sabuni kuzunguka reli na kwenye viraka, nauacha juani kidogo huku skrubu ya hewa, ile inayoziba tundu la kutolea hewa ya ndani ya ubao, imefungwa; hewa ya ndani ikipata joto inatafuta njia, na ukiona mapovu umepata jibu lako. Ni dakika kumi, usiache zaidi.

Maana jua letu linaua mbao. Ubao wa kaboni mweusi ukiachwa mchana ufukweni Paje, hewa ya ndani inavimba na kuinua ngozi, na ukishaota lengelenge hilo ngozi hairudi. Wageni wanatoka nchi za baridi na maelekezo ya baridi. Hapa ubao unawekwa kivulini, umefunikwa kwa kitambaa cheupe, na kama skrubu yake ni ya kufungua kwa mkono, inafunguliwa ukitoka na inafungwa ukiingia. Andika kwenye ubao wenyewe kwa herufi kubwa, FUNGA SKRUBU. Mimi nimeandika.

Kaboni au fiba? Kwa ubao mrefu nasema kaboni kama mfuko unaruhusu, na sababu si wepesi tu. Unapopampu unataka nguvu ya miguu ifike kwenye pezi papo hapo. Ubao mrefu laini unajikunja kidogo katikati na nusu ya nguvu inapotelea humo. Lakini ubao mpya wa kaboni ni bei ya pikipiki mpya na chenji haibaki, na mimi sijawahi kununua mpya. Fiba nzuri iliyotunzwa ni bora kuliko kaboni iliyonywa maji.

Pezi la mbele nalo lina sehemu yake, siwezi kulipita kabisa. Uwezo wa kunyanyua unategemea eneo la pezi na mwendo, na mwendo unazidishwa kwa mwendo wenyewe: ukipunguza mwendo nusu, unabaki na robo ya nguvu. Ndiyo maana upepo mdogo unataka pezi kubwa. Mimi natumia la sentimita za mraba 1,250, ncha hadi ncha kama sentimita 112, refu na jembamba kama bawa la membe. Jembamba hivi linateleza mbali hata upepo ukikata, ila linataka mwendo kidogo zaidi kupaa kuliko pezi pana nene. Hapo ndipo ubao mrefu unapolipa: ubao unakupa mwendo ule ambao pezi linaudai. Nilijaribu pezi hilo hilo kwenye ubao wangu wa zamani wa futi 5. Halikupaa kabisa.

Sasa safari zenyewe.

Wazee wetu wana neno kwa upepo unaokusukuma kutoka nyuma, upepo wa tezi, na kwa unaokupiga usoni, upepo wa omo. Kushuka na upepo wa tezi juu ya foili kulijulikana duniani kuanzia mwaka 2016, Kai Lenny wa Hawaii alipoonekana akipanda mawimbi ya bahari kuu ambayo hayajavunjika, moja baada ya jingine. Huko wana mbio za kutoka Molokai kwenda Oahu, maili 32 za mlango wa bahari wenye upepo mkali. Dave Kalama, wa huko huko Hawaii, ni mmoja wa waliosukuma mbao ndefu nyembamba zikawa jambo la kawaida. Nikitazama mbao zile naona ngalawa bila marengu.

Na sisi tunao mwambao wa kufanyia. Kusi inapovuma katikati ya mwaka inatoka kusini mashariki, na pwani yetu ya mashariki inakaa karibu sambamba nayo. Ukiingilia Jambiani maji yakiwa yanajaa, ukatoka nje kwa mlango wa mwamba, unapata mawimbi yanayokwenda kaskazini mpaka Paje, Bwejuu, na mwenye pumzi anafika Michamvi. Kaskazi ikivuma unaigeuza safari, unaanzia juu unashuka Jambiani. Namna yangu ni kutumia bawa kupaa na kutokea nje, kisha nalilegeza, nalishika kwa mkono mmoja kwenye kishikio cha mbele likielea nyuma yangu kama bendera, na ninapanda mawimbi yenyewe. Wimbi linapokwisha napampu mara tano sita kulifikia jingine. Nikianguka katikati ya mabonde ya maji, napaa tena. Hapo nje, kati ya wimbi na wimbi, upepo ni hafifu kuliko unavyouona juu, na hapo ubao mfupi unakuacha ukiwa umeketi.

Lakini sababu kubwa kuliko zote ya kupenda ubao huu niliipata mwezi wa Oktoba uliopita, na naieleza kama ilivyotokea.

Kusi ilikuwa inaisha, ile demani ambayo siku moja inavuma na siku mbili hakuna. Nilitoka Jambiani saa tisa na nusu na upepo wa noti 13. Nilifanya vizuri mpaka mbele ya Bwejuu, nje ya mwamba kama mita mia sita. Ilipofika saa kumi na moja kasoro upepo ukakata. Haukupungua, ulikata. Bawa likalala majini. Nikangoja dakika kumi na tano, maji nayo yalikuwa yameanza kupwa, na maji yanayopwa hutoka nje kwa mlango ule ule ninaotaka kuingilia.

Nilitoa hewa kwenye bawa, nikalikunja, nikaliweka chini ya kifua, nikalala kifudifudi nikapiga mikono. Ubao wa futi 6 na inchi 10 unakwenda ukilaliwa. Unakwenda polepole kwa sababu foili iko chini inaburuta, lakini unakwenda ulikoelekea. Kule mlangoni mkondo ulinizuia, nilikuwa napiga mikono na kutazama jiwe moja jeusi lisilosogea. Walipita wavuvi wawili na ngalawa wakitoka dema, tanga limeshushwa, wanapiga kasia. Mmoja mtu mzima akaniuliza kama nataka kamba. Nikamwambia, ahsante baba, nadhani nitafika. Hawakuondoka. Walikaa pale pembeni yangu, kasia moja moja, mpaka nikauvuka mkondo, ndipo yule mzee akanyanyua mkono wakashika njia yao. Nilipiga mikono jumla ya dakika hamsini. Nilifika ndani maji yakiwa ya magoti, nikaupindua ubao nikaubeba, na magharibi ilinikuta katikati ya vigingi vya mwani nikitafuta pa kukanyaga.

Kwenye ubao wangu mdogo wa lita 70, ule wa kusi kali ya Julai, nisingefika. Ubao ule haukubebi ukilala. Unazama nao mpaka kifuani. Ningekwenda na mkondo, na usiku ungeniingilia nje. Tangu siku hiyo sitoki nje ya mwamba na ubao ambao hauwezi kunirudisha kwa mikono. Natoka na koti la kuelea, filimbi, simu ndani ya mfuko usioingiza maji, na nimemwambia mtu wa nchi kavu saa ya kurudi. Na nimeacha kutoka maji yakiwa yamejaa kileleni. Natoka yakiwa bado yanajaa, ili yakinibeba yanibebe ndani.

Mahali ambapo ubao huu haufai nipataje pia, nisije nikamdanganya mtu. Upepo ukifika noti 20 pua ndefu inashikwa na upepo ukiwa unaubeba na hata ukiwa hewani, na ukitaka kukata kona kali kwenye wimbi linalovunjika, utaona tela lile lile nililolisema. Kwa mtu anayeanza kabisa, ambaye hajawahi kupaa hata mara moja, sio ubao wake bado. Aanze na mpana wa inchi 28 au 30, aupate mwili wake kwanza, masomo matano au sita, kisha aje huku. Na nyumba iwe na pa kuuweka. Wangu unalala juu ya boriti za ukumbi kwa mama, na nikienda nao Nungwi kwa gari la abiria unalipiwa kama mtu mmoja na nusu, baada ya majadiliano.

Wa Diani na Kilifi mlioniandikia, mwamba wenu na upepo wenu vinafanana na vyetu vya kutosha, vipimo havibadiliki sana. Wa Dar mnaofanyia Kigamboni, ongezeni lita tano, kwa sababu meli na boti zinachafua maji na mtahitaji kusimama kwa utulivu zaidi.

Ila usinunue kwa maneno yangu peke yangu. Wiki ijayo kuanzia Jumatano ni bamvua, maji yatakuwa mazuri kuanzia saa nane mchana. Nitakuwa na mbao tatu ufukweni: wangu huu, ule wa dada wa lita 85, na mmoja wa futi 7 na inchi 4 nilioachiwa nimtunzie mtu. Njoo ujaribu, hulipi kitu. Niambie tu uzito wako wa kweli kabla, ule wa baada ya futari, nikuwekee foili mahali pake.